Mashine Isiyokohoa

Mimi ni mtu wa kuongea, na sipendi kitu kinachonizidi kuongea. Nianze hapo, maana ndipo kosa lilipoanzia.

Kwa miaka mingi mashine ya boti yetu ilinizidi. Ilikuwa ile ya kuchanganya, yaani petroli na oili unazitia pamoja kwenye tangi moja kabla hujavuta kamba. Mafundi wanaiita tu-stroki. Ekzozi yake, lile bomba la moshi, ilikuwa na ufa ambao kaka yangu aliuziba kwa bati na waya mpaka akachoka, na kwa sababu ya ufa huo ikawa na sauti yake peke yake. Inakohoa mara tatu, inanyamaza kidogo, halafu inaendelea. Kijiji kizima cha Mofu kiliijua. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo mtoni walisema hao wanakuja, na sisi bado hatujakata kona. Watu waliipa jina wakaiita Kikohozi.

Boti yenyewe ni ndogo, ya mbao. Ilitengenezwa na fundi Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, na kwa mazoea ya kwao ziwani akaiwekea tundu la mlingoti bila hata kutuuliza. Upepo ukikubali tunatandaza tanga la turubai la bluu na kupanda mto bila kuunguza tone la petroli. Tatizo ni kwamba upepo wa huku unakuchukua vizuri, halafu unakuacha katikati ya viboko. Kwa hiyo mashine ni lazima. Kazi yangu ni samaki. Nanunua kambale na perege kwenye kambi za ng'ambo, nawapeleka sokoni Ifakara. Kaka yangu anaendesha boti. Mimi nanunua, nauza na, kwa maneno yake yeye, nagombana.

Mwaka jana, kabla ya masika, tulikubaliana kwamba Kikohozi imechoka. Hatukukubaliana juu ya kingine chochote. Yeye alitaka mashine nyingine ya kuchanganya. Alisema ni nyepesi, anaibeba begani mwenyewe kila jioni kutoka mtoni mpaka nyumbani, kwa sababu kwetu mashine hailali mtoni, ukiilaza huko asubuhi huikuti. Alisema fundi yeyote wa pikipiki pale Mofu anaweza kuifungua na kuifunga akiwa anakula muhogo. Mimi nilitaka fo-stroki, ile yenye oili yake pembeni na petroli yake pembeni. Haitoi moshi, inakunywa kidogo, na samaki wangu wasingenuka petroli tena. Wateja walikuwa wameanza kuwanusa samaki mbele yangu, kambale wangu, halafu wananiangalia. Kaka akanijibu kwamba hiyo ni nzito, itahitaji watu wawili kuibeba, ukiilaza ubavu usio wake oili inaenda isikotakiwa, na ikigoma tutamsubiri fundi wa mjini. Yote yalikuwa kweli. Nilijua ni kweli, na ndiyo maana niliwaka.

Tulienda Ifakara wote wawili, hatusemeshani. Muuzaji alizifunga mashine zote mbili kwenye pipa la maji nyuma ya duka lake ili tuzisikie. Ile ya kuchanganya ilijaza uwanja moshi wa bluu, kuku wakakimbia. Ile nyingine ilinguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba. Nikamwambia kaka kitu kwa sauti yangu ya kawaida, akanisikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya biashara nilizungumza karibu na mashine bila kupiga kelele. Nilitamani kuikumbatia.

"Hii haina sauti, dada," kaka alisema.

"Ndiyo maana naitaka."

Anajua nikisema hivyo nimeshafunga mjadala. Tukainunua. Muuzaji hakuitaka Kikohozi hata bure, akasema tukaitumie kufungia mbuzi. Niliporudi nilisema itupwe. Kaka aliinyamazia amri yangu kama kawaida yake, akaifuta, akaining'iniza jikoni kwangu kwenye boriti, juu ya gunia la mkaa, na kila niliposonga ugali nilikuwa naiona. Nikamwacha, maana nilikuwa nimeshinda.

Sasa nimwingize baba. Baba yetu ana shamba la mpunga ng'ambo, saa nzima kwa boti kutoka Mofu. Mpunga ukianza kubeba anahamia huko, analala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, anawinga ndege mchana na nguruwe pori usiku. Macho yake yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga, anaona kwamba kitu kimesimama mbele yake, lakini hajui kama ni mtu au ni mti. Kwa hiyo anaishi kwa masikio. Kila tulipokwenda kumchukua tulimkuta ameshasimama kwenye ukingo na kifurushi chake, kwa kuwa alianza kutusikia tukiwa mbali. Akipanda tu anatutania kwamba amesikia mashine na amenisikia mimi, na hajui ipi ilikuwa na kelele zaidi.

Kuna jambo lingine, na sitalificha. Shamba la baba liko karibu mno na bikoni, zile nguzo za mpaka wa hifadhi. Mwaka fulani askari wa doria walimkuta upande usio wake, anatega samaki. Hawakumpiga wala kumtukana, walimtoa tu wakamfikisha panapohusika, na nyavu zake zikabaki huko. Lakini mzee alipandishwa kwenye gari mbele ya watu, na aibu ile haikumtoka. Tangu hapo akisikia boti ya doria anaacha kila kitu na kuingia kwenye matete, hata akiwa shambani kwake kwa halali. Na anaijuaje? Kwa sababu mashine zao ni mpya, za kimya. Alituambia mara nyingi kwamba boti inayokuja kimya haimtakii heri. Vijiweni watu walimwongezea chumvi, kwamba siku hizi askari wanakuja na mtu anayekujua, anakuita kwa jina, ukitoka tu umekwisha. Sijui nani aliwahi kuona hilo. Baba aliliamini.

Mimi niliyasikia hayo mara hamsini. Siku ya pipa la maji hayakunijia kichwani hata kidogo.

Mvua ya masika ilikuja yote kwa pamoja. Siku nne milima upande wa Sanje hatukuiona, na siku ya tano asubuhi mto ulikuwa umepanda mpaka kwenye migomba ya jirani. Simu ya baba ilikuwa imezimika tangu juzi yake, kwa sababu kijisola chake hakichaji bila jua. Nilishuka kivukoni nikakuta watu wa mashamba ya ng'ambo wanateremka kwenye mitumbwi na magodoro na kuku. Nikamtafuta baba kati yao. Mama mmoja ambaye shamba lake linapakana na la baba alinishika mkono kabla sijauliza. Alisema maji yalikuwa yanafika kiunoni walipoondoka. Walimpitia mzee, wakamsihi apande, akakataa.

"Amesema wanawe watakuja na mashine yao," aliniambia. "Amesema atawasikia."

Kaka na mimi tulitazamana. Naapa hata hapo hatukuelewa. Tuliharakisha tu kuifunga mashine mpya, yeye upande huu mimi upande ule, tukaondoka roho juu.

Mto haukuwa mto tena. Hatukufuata kona, tulikata moja kwa moja juu ya mashamba, na vichwa vya mpunga vilikwaruza chini ya boti. Mashine ilifanya kazi vizuri mno, na nilimwambia kaka hivyo, ili anisikie nikiwa na haki. Tulimkuta kiboko amesimama kwenye maji ya shamba la mtu, ikabaki nusu hatua boti imgonge mgongo. Naye hakutusikia. Kaka alipinda usukani kwa nguvu mpaka maji yakaingia ndani. Baada ya hapo sikuisifu tena.

Dungu la baba tuliliona kwa mbali, limeinama kidogo upande mmoja. Nikaita. Tulipofika, vipandio vitano tu vya ngazi vilikuwa juu ya maji. Nikapanda. Hapakuwa na mtu. Mkeka haukuwepo, panga halikuwepo. Kwenye lile jiko dogo la udongo analopikia palikuwa na sufuria la uji, na nilipolishika lilikuwa la moto.

Nilipiga kelele, Baba, upande wa mto, upande wa matete, pande zote nne. Mvua ilikuwa inapiga maji na majani kiasi kwamba sauti yangu ilinirudia mdomoni. Kaka alizunguka dungu kwa boti mara mbili, akaizamisha mashine kwenye majani, ikakwama, akaiinua, akachukua upondo akajaribu kusukuma ndani ya matete. Hatua kumi, boti ikabanwa. Matete ya huko ni mazito, mtu anaweza kuwa karibu kama mlango na bado usimwone. Akarudi nyuma, akazima mashine, akakaa chini na maji yanamtiririka usoni.

"Dada," alisema, "baba hajapotea. Baba anatukimbia."

Nilimwuliza anasema nini. Akaiangalia ile mashine, akaniangalia mimi. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Uji ulikuwa wa moto. Mzee alikuwa hapo hapo, akasikia ule mngurumo wa chini kwa chini, akachukua mkeka na panga, akashuka ngazi kwa kupapasa, kipofu nusu, akaingia kwenye maji yenye mamba, kuwakwepa watoto wake mwenyewe.

Nilianza kuita upya, ni mimi, baba, ni mwanao. Kimya. Na nilijua kwa nini ni kimya. Kwa mzee yule, mtu anayeita toka kwenye boti ya kimya ndiye yule yule anayesimuliwa vijiweni.

Kaka alisema dawa ni moja, aende Mofu akailete Kikohozi. Saa moja kwenda, saa moja kurudi, labda zaidi, maana kurudi ni kupambana na maji. Nilimwambia aende, mimi nabaki. Alikataa. Nikamwambia kwamba baba akitoka humo akakuta dungu tupu na maji yamejaa, atafanya nini? Tukagombana pale pale, dakika tano ambazo hatukuwa nazo. Mwishoni aliniachia upondo na kamba, akanionyesha nguzo ya kujifunga maji yakizidi, akaondoka. Mashine ile haikuchukua muda kupotea masikioni. Hata mimi niliyejua iko wapi sikuisikia.

Nilihesabu vipandio. Vilikuwa vitano, vikawa vinne. Dungu lilikuwa linatetemeka kila gogo lilipogonga nguzo. Nilijikaza kisabuni, nikaendelea kuita, sasa kwa utulivu, nikadhani nikiongea mambo ya nyumbani ataamini. Nikamwambia habari za mbuzi aliyezaa. Nikamwambia nani ameumwa na nani amepona. Nikamwambia kuhusu mashine, kwamba ni mimi niliyeichagua, kwamba nilitaka tu watu wanisikie nikiongea. Matete yalitikisika mara moja upande wa kulia, nikasimama, nikasubiri. Yakatulia. Inawezekana alikuwa kenge, inawezekana ulikuwa upepo.

Kipandio cha tatu kilipozama nililia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, na siku hiyo nilijiambia kwamba hakuna watu. Nililia kwa sauti, kama mtoto, namwita baba yangu. Sikumbuki niliyosema. Nakumbuka kwamba nilikasirika katikati ya kulia, nikamgombeza, nikamwambia ana kichwa kigumu, kwamba angepanda mtumbwi wa jirani asubuhi tungekuwa sasa hivi tunakunywa chai. Halafu nikalia tena.

Vipandio viwili. Kimoja, nacho kikazama. Miguu yangu ilikuwa kwenye mkondo wa maji yaliyoanza kupita kwenye sakafu ya miti, na kamba nilikuwa nimeshaifunga kiunoni. Nikaisikia.

Ilikuwa mbali sana. Inakohoa mara tatu, kimya, inakohoa mara tatu. Sijawahi kupenda kelele namna ile. Niliyakaza masikio nikiogopa itazima, kwa sababu petroli ile lazima kaka aliichanganya kwa macho tu, haraka haraka, lakini iliendelea, ikakohoa, ikanyamaza, ikaendelea, na moshi wake wa bluu ukaanza kuonekana juu ya maji.

Matete yalifunguka. Hayakufunguka mbali. Kutoka nilipokuwa nimesimama hadi hapo hazizidi hatua arobaini. Baba alitoka, maji yakimfika kifuani, mkeka kichwani, panga mkononi, uso umeelekea kule kelele zilikotoka. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu muda wote ule. Alinyanyua mkono juu kama anavyofanya siku zote kwenye ukingo, mtu anayechukuliwa na wanawe kurudi nyumbani.

Kaka alimfuata, akamvuta ndani ya boti, kisha akaja kwangu. Nilishuka nikaketi miguuni pa baba. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, midomo imekuwa ya kijivu. Nilimfunika kwa turubai la tanga, nikamwamkia, shikamoo baba, maana sikujua neno lingine la kuanzia. Akaitika marahaba, akanipapasa kichwa, akafurahi. Baba huniita mama, kwa kuwa nimechukua jina la mama yake.

"Mmechelewa, mama," alisema. "Watu wa doria walikuja kabla yenu. Nikajibanza."

Kaka aliinamia mashine, akajifanya anashughulika na kamba.

"Hawa watu sasa wamefika mbali," baba aliendelea. "Waliondoka, wakamwacha mwanamke juu ya dungu langu. Ananiita kwa sauti yako. Ana habari za nyumbani zote, mpaka mbuzi. Akalia, mama. Alilia kama wewe ulipokuwa mdogo, nikataka kutoka mara mbili. Nikajizuia. Nikasema mwanangu hajafika, mwanangu nitaisikia mashine yake."

Ningeweza kunyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikunyamaza, mimi ambaye siku ile nilipaswa kuwa nimejifunza kufunga mdomo.

"Yule mwanamke ni mimi, baba."

Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akapitisha vidole kwenye macho yangu, yaliyokuwa yamevimba, akashuka kwenye kitenge changu kilicholoa mpaka kiunoni, akaikuta ile kamba ambayo nilikuwa sijaifungua. Akaishika hiyo kamba. Aliishika njia nzima mpaka Mofu, na Kikohozi ikapiga kelele zake kati yetu. Tulipofika na watu walipokuja kumshusha, alimwambia kaka, si mimi, kwamba ile mashine nyingine inaingia kwa watu bila hodi.

Dungu lilikwenda na maji siku ile ile jioni. Mpunga nao ulikwenda. Baba anakaa kwangu sasa, na amesema msimu ujao atarudi ng'ambo, na hakuna anayemwamini wala anayethubutu kumkatalia. Mashine zote mbili tunazo. Ile ya kimya inapeleka samaki, na kweli hawanuki. Ya safari za baba ni Kikohozi. Naichanganyia oili mwenyewe, nikipima kwa kizibo, polepole, na ufa wa ekzozi nimemkataza kaka kuuziba.

Kuna kitu kimoja tu ambacho hakijarudi mahali pake. Nikitoka sokoni jioni nikaita hodi mlangoni, baba haitiki mara ya kwanza. Yuko ndani, nasikia kiti chake. Ananyamaza, anaipima sauti yangu. Kaka na wengine huona ni utani wake na hucheka. Mimi nasimama nje na ndoo yangu ya samaki, nasubiri.

"Ni wewe kweli, mama?" anauliza.

"Ni mimi, baba," najibu, na bado nasubiri.